Aliyebebwa Badala ya Mama

Ungemuuliza mtu yeyote pale mtaani nani bingwa wa kuumia, angekuonyesha kibaraza cha fundi cherehani. Siyo kuumia kwa kweli, la. Kuumia kwa zoezi. Mwanamke yule alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake. Akianguka, anaanguka mzima mzima. Akipiga yowe, majirani wa mtaa wa pili wanatoka na ndala mkononi. Wakamwita Majeruhi, na jina likamganda kama gundi, hata wateja waliokuja kupunguziwa suruali walikuwa wakiuliza, "Majeruhi yupo?" Naye anawajibu bila kuinua kichwa, "Yupo, bado anapumua kidogo. Lete hiyo suruali."

Watu walicheka, na yeye alitaka wacheke. Lakini asikudanganye mtu, fundi hakujiunga na mambo yale kwa kupenda mchezo. Alikuwa na mama. Mama alikuwa amelala chumba hicho hicho cha kupanga, nyuma ya pazia la maua, kiharusi kimemchukua miguu yote miwili na kumwachia mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa mzima kuliko wa watu wote mtaani. Walikuwa wawili tu duniani, mtu na mama yake. Mume alikuwepo zamani, akaondoka zake, na huyo tusipoteze pumzi kumtaja.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mtaa, chini ya tuta la mto. Korido nyembamba, vyumba huku na huku, ndoo na majiko vimepangwa ukutani hivi kwamba watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibandike mlangoni mwa mwenzake. Tuta lilikuwa la udongo na mawe, lilijengwa enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, na kila msimu wa mvua watu walikuwa wakilitazama jinsi unavyomtazama mlevi anayepanda ngazi. Mlimani juu kulikuwa na shule. Maji yakija, ndiko pa kukimbilia. Mwenye miguu anakimbia. Na asiye nayo?

Hilo ndilo lililokuwa likimla fundi. Fundi alikuwa anaweza kumweka mama mgongoni akampeleka bafuni, akamrudisha, akamkalisha kibarazani apigwe na jua. Lakini kupanda naye ule mlima, kwa ngazi zile zilizomong'onyoka, huku maji yanakufuata? Alikuwa akilala anaiwaza ngazi. Akishona, mguu uko kwenye cherehani, akili iko kwenye ngazi. Mama akimwona amenyamaza sana anamwambia, "Wewe umeanza tena kunizika. Nipe chai."

Basi siku wale watu wa ofisini walipokuja na kofia zao zinazofanana, wakasema kila mtaa uunde kamati ya maafa na usalama, jamii ijifunze kujiokoa yenyewe isikae kungoja serikali, mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa fundi cherehani. Uenyekiti akapewa mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuwa mtunza stoo jeshini. Bunduki zote alizowahi kushika alizishika za kupokea na kutoa, lakini mwenyekiti alipovishwa filimbi shingoni, loo, ungedhani ameteka mji. Kwake yeye usalama ulikuwa mtamu kuliko maafa. Aliwafundisha kutazama mgeni anayeuliza maswali mengi, begi lililoachwa peke yake, mtu anayepiga picha daraja. Siku moja wakamkamata fundi wa simu, maskini, alikuwa anapima waya tu. Mambo ya mafuriko alikuwa akiyafikia mwishoni, watu wameshaanza kuangalia saa.

Fundi cherehani ndiye aliyemkazania. "Mwenyekiti, adui akija tutamwona. Maji yakija, mama yangu anatoka vipi?"

"Tutambeba," akasema mwenyekiti. "Kwani sisi ni mawe?"

Wabebaji wakapatikana hapo hapo. Kinyozi, mwenye sauti na mwenye kupenda kuongoza, akawa mkubwa wao. Akafuata muuza mkaa, jitu la mabega mapana na maneno machache, kisha mchomeleaji na fundi baiskeli. Machela wakapewa na wale wa ofisini, mpya kabisa, na mikanda yake. Fundi cherehani akashona vitambaa vyeupe vya kufunga kwenye kitasa cha mlango, ili chumba kikishatolewa watu, kikosi kingine kikipita kisipoteze muda kuingia. Wakakutana kibarazani kwake siku ya zoezi la kwanza, wote wana hamu, na kinyozi akauliza, kwa adabu zote, "Kwa hiyo tunaanza na Mama mwenyewe?"

Pazia likajibu kabla ya mtu mwingine. "Nani abebwe? Mimi? Mtu mzima nishikweshikwe na wanaume wanne, nguo zinapanda juu, nipitishwe mtaani kama kabati la kuuza? Mimi nimewaona nyie mkivuliwa nepi. Hapana, wanangu. Bebeni gunia."

Wakaangalia chini, wote. Mchomeleaji akajikuna shingo. Yule ni mama wa watu, kila mmoja alikuwa akimwita mama, na mama hashikwi hivi hivi kwa mazoezi. Mwenyekiti akakohoa akasema heshima kwanza, hilo halina mjadala. Lakini gunia, akasema kinyozi, halifundishi kitu, gunia halina mkono wa kukwama mlangoni.

"Basi nibebeni mimi," akasema fundi. "Kitanda ni kile kile, mlango ni ule ule, korido ni ile ile. Mkijua kunitoa mimi, mmejua kumtoa mama."

Wakashusha pumzi, kila mtu akamsifu. Hakuna aliyeona kosa, na mimi sitajifanya mjuaji hapa. Ningekuwepo ningepiga makofi na mimi. Lilikuwa jambo la adabu. Mtoto kalala mahali pa mama yake ili mama asiaibike. Nani angelikataa?

Wakafanya zoezi, wakarudia, wakarudia tena. Fundi analala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama, kibarazani filimbi inalia, kikosi kinaingia mbio. Mwanzoni walikuwa kichekesho. Waliangusha majiko ya watu, wakamgonga fundi kichwa ukutani mpaka akasahau kuigiza akawatukana kweli. Baadaye wakaiva. Walijua mahali pa kuinua machela upande, mahali pa kuinama, nani atangulie nani afuate. Walifunga mikanda bila kutazama. Kinyozi alijisifu kwamba wangemtoa fundi mle ndani hata wakifungwa vitambaa machoni, na siku moja wakafungwa kweli, na wakamtoa kweli.

Na fundi, kwa kuwa kipaji kikikaa bure kinawasha, akaanza kuongeza maneno. Zoezi bila utamu watu hawaji, alikuwa akisema, na wasipokuja hawajifunzi. Kwa hiyo wakishamkamata, anarusha mikono, anashika mwimo wa mlango, analia kwa sauti ya kupasua moyo: "Siyo mimi! Niacheni mimi! Mchukueni mama! Mama yangu yuko ndani!" Kinyozi anajibu, "Tulia, mgonjwa!" Na mama, nyuma ya pazia, hakuwa mtu wa kuachwa nje ya mchezo. Anapaza sauti: "Mchukueni huyo, mchukueni upesi, ananipigia kelele!" Hapo korido nzima inavunjika mbavu. Wanamfunga mikanda, kitambaa cheupe kinakwenda kitasani, wanatoka naye mbio, watoto nyuma wanashangilia mpaka shuleni. Mama anabaki kitandani kwake anacheka peke yake mpaka binti arudi.

Watu wa ofisini walikuja kuliona zoezi lile. Mmoja alicheka mpaka akafuta machozi na kofia. Akatoa hotuba kwamba mtaa huu ni mfano, kwamba taifa linajengwa na mitaa kama hii, na wakapiga picha, fundi akiwa katikati bado amefungwa mikanda. Jioni ile alimkanda mama miguu, akamwambia, "Sasa nalala." Mama akasema, "Lala, mwanangu. Umenitaabikia vya kutosha." Na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu fundi akalala bila ngazi.

Siku yenyewe hata mvua haikunyesha. Hilo ndilo linalouma. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, mbali, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ndugu, na hapa mtaani jua lilikuwa linakausha nguo kwenye kamba. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Fundi alikuwa kibarazani anatia zipu kwenye sketi ya mwanafunzi. Akasikia kitu kama lori linamwaga kokoto, likawa halimalizi kumwaga. Akainua kichwa. Kisha akasikia filimbi, na mtu akipita mbio anapiga kelele, "Tuta! Tuta limekwenda!"

Hakuigiza chochote. Aliiacha sketi chini ya sindano akaingia ndani. Maji yalikuwa yamemtangulia, yanaingia kwa mlango wa uani, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba ndala na vifuniko vya sufuria. Umeme ulikatika, korido na chumba vikawa giza kama tumbo. Chumbani akalifungua pazia kwa nguvu mpaka likachanika. Mama alikuwa ameshainuka kwa viwiko.

"Yamekuja?" akauliza mama.

"Yamekuja. Nishike shingo."

Mama akamshika shingo. Fundi akamvuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akageuka kumpa mgongo, jinsi walivyokuwa wakifanya kila asubuhi kwenda bafuni. Maji yakawa yamefika magotini. Akaona hatafika mbali bila kumfunga, mikono ya mama haikuwa na nguvu ya kushikilia njia nzima, basi akamlaza tena kitandani taratibu, akasema, "Subiri nichukue shuka nikufunge," akapiga hatua kuelekea msumari lilipotundikwa shuka. Ndipo kikosi kikaingia.

Walikuja, nataka hilo lieleweke. Watu wengine walikuwa wanakimbia kupanda mlima na watoto wao, na hawa wanne waliiacha mali yao wakashuka kwenye maji na machela yao. Waliingia kwa mwendo ule ule, kinyozi mbele, muuza mkaa nyuma yake. Mle ndani hakuna kinachoonekana ila kivuli cha mwanamke kando ya kitanda. Mikono ikafanya ilichozoea. Ikamkamata.

"Siyo mimi!" akalia fundi. "Niacheni mimi! Mchukueni mama!"

"Tulia, mgonjwa!" akasema kinyozi.

"Mama yangu yuko ndani! Mama yuko hapo!"

Akashika mwimo wa mlango. Wakamwachisha vidole, walijua namna ya kumwachisha vidole. Mkanda wa kifua ukabana, mkanda wa miguu ukabana. Akapiga mateke, akaita majina yao halisi, akawatukania wazazi, na kwao yote yale ilikuwa ni ile sauti waliyoizoea, ila leo imezidi kidogo kwa kuwa leo hata wao wenyewe walikuwa wanapiga kelele. Nyuma ya yote, ndani, mama alisema kitu. Fundi alisikia sauti yake, maneno hakuyasikia, maji yalikuwa yananguruma. Fundi baiskeli akafunga kitambaa cheupe kitasani. Wakainua machela upande palepale panapotakiwa, wakainama palepale, wakatoka. Hawakugonga ukuta hata mara moja.

Ngazi zote zile alizipanda amelala chali, amefungwa, anaangalia mbingu ya buluu isiyo na wingu. Alilia mpaka sauti ikakatika, ikabaki pumzi tu. Kule juu kwenye uwanja wa shule watu walikuwa wamejaa, wanahesabiana watoto, na walipomwona anafika juu ya machela wengine walipiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi. Walikuwa wameogopa sana, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza walichokitambua tangu tuta kuvunjika.

Muuza mkaa ndiye aliyeinama kufungua mkanda wa kifua. Fundi akamng'ata mkono, akauma mpaka damu. Muuza mkaa akaruka nyuma, akamtazama usoni, akatazama ule mdomo unaofunguka bila sauti, na kidogo kidogo uso wake mwenyewe ukaanza kubadilika. Akamgeukia kinyozi. "Mama tumemtoa?"

Kinyozi akageuka kutazama chini ya ngazi.

Muuza mkaa akaifungua mikanda yote, akashuka mbio, na fundi nyuma yake, na nusu ya mtaa nyuma ya fundi. Katikati ya ngazi maji yakawazuia. Paa la nyumba ya mwisho lilikuwa linaonekana bado, na chini ya paa madirisha hayakuonekana tena. Kikosi cha mtaa wa jirani kilikuwa kimepita pale koridoni mapema, maji yakiwa kiunoni, kikaona kitambaa cheupe kwenye kitasa kikaendelea na mlango unaofuata. Walieleza hivyo kwa uaminifu. Na mlango uliofuata walitoa watu hai. Muuza mkaa alijitupa majini, wakamvuta kwa kamba, akajitupa tena, wakamvuta tena. Fundi walimkalia watu watatu, na wanawake aliokuwa akiwashonea wote wakamshika mikono wakimwambia nyamaza, nyamaza, dada, nyamaza. Wala hakuwa na sauti ya kunyamazisha.

Maji yaliondoka asubuhi, yakaacha matope. Mama alikuwa bado kitandani kwake.

Watu wa ofisini wakaja, safari hii na magodoro na madumu ya maji safi. Wakamtafuta mwenyekiti, naye akasimama mbele yao na filimbi yake, akaanza kueleza jinsi kila kikosi kilivyofanya kazi, na ukweli kilifanya. Mtaa ulio upande wa juu wa mto, usiokuwa na kamati, ulikuwa umepoteza watu wengi, hata hawajawajua wote. Hapa alikuwa amekufa mtu mmoja. Wale wa ofisini wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema mazoezi yamelipa. Mwenyekiti akaanza kusema ndiyo, akamwona fundi ameketi kwenye ngazi ya darasa, na yule mzee akaishia njiani. Akaenda akasimama mbele yake.

"Mwanangu," akasema, "tulifanya kama tulivyojifunza."

"Mlifanya vilevile kabisa," akasema fundi kwa sauti ya kukwaruza. "Hamkukosea kitu."

Hakuwa anamsuta. Angekuwa na nguvu ya kusuta ingemsaidia. Alikuwa ametafuta usiku kucha mtu wa kumchukia, akawapitia mmoja mmoja, na kila alipopita alikuta mtu aliyeacha vyake akaja kumwokoa. Mwisho aliishia kwake mwenyewe. Nani alisema nibebeni mimi? Nani alitunga yale maneno ya kulia, akayapamba, akayafanya matamu mpaka yasisikike tena? Na laiti wangechelewa kidogo tu, wakati wa kuchukua shuka na kulifunga, angekuwa amemtoa mgongoni, ngazi au si ngazi. Hilo lilimzunguka kichwani bila kupumzika.

Kinyozi alikuja kumpa pole, akakaa kando yake kwa muda mrefu. Mwisho akasema, kwa nia njema kabisa, maana alidhani anampa kitu cha kushikilia, "Mama mwenyewe alisema tukuchukue. Mimi nilimsikia. Alisema, mchukueni huyo, mchukueni upesi."

Fundi akamgeukia. "Alikuwa anacheka?"

Kinyozi akafikiri. Alijitahidi kweli, ungeona alivyokunja uso akitafuta. "Sijui," akasema. "Kulikuwa na giza. Sijui, dada yangu."

Wakamzika siku hiyo hiyo jioni, makaburini kule mlimani nyuma ya shule, kwa kuwa njia nyingine zote zilikuwa matope. Jeneza lilichongwa haraka kwa mbao za madawati. Hakukuwa na swali nani atabeba. Wale wanne walijitokeza bila kuitwa, muuza mkaa amefungwa kitambaa mkononi alipong'atwa, wakaliinua mabegani, na watu wakafuata kimya. Walikwenda vizuri, bila kuyumba, bila kusimama.

Walipofika mwinuko ule mkali wa mwisho, muuza mkaa akageuza uso kuelekea jeneza, akasema, siyo kwa mtu yeyote, ni kama imemtoka tu, "Kumbe ni mwepesi hivi? Huyu ningembeba peke yangu."

Kinyozi akamwambia nyamaza, lakini lilikuwa limeshasemwa. Fundi alikuwa nyuma yao karibu sana, alilisikia lote. Akakaa chini palepale njiani, na jeneza likaendelea kwenda bila yeye.